Njaa Iliyoficha Homa: Kaya za Ugogo na Janga la Mafua la 1918–1919

Homa ya mafua iliyoenea duniani mwaka 1918 na 1919 inakadiriwa kuua watu wapatao milioni 50, na katika nchi ambayo muda mfupi baadaye iliitwa Tanganyika makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni vifo kati ya 50,000 na 80,000. Hata hivyo, anayeitafuta homa hiyo katika kumbukumbu za Wagogo wa katikati ya nchi hukutana kwanza na jina lingine. Miaka ile huitwa Mtunya, neno la Kigogo lenye maana ya kugombania, na kinachokumbukwa ni njaa. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza njaa hiyo katika makala yake ya 1990, alikadiria kwamba watu wapatao 30,000 kati ya wakazi 150,000 wa Ugogo walipoteza maisha. Ndani ya hesabu hiyo wamo waliouawa na homa, lakini kuwatenga na waliouawa na njaa ni kazi ambayo vyanzo haviiruhusu, na huenda hata wenyeji wenyewe hawakuona sababu ya kuifanya.

Swali linalojitokeza ni hili: kaya zilizozoea ukame, zenye desturi za miaka mingi za kukabiliana nao, zilishindwaje katika kipindi hiki kifupi? Jibu lililozoeleka katika taarifa za kikoloni lilikuwa ukavu wa nchi na uzembe wa wenyeji. Makala haya yanatetea jibu jingine. Kaya za Ugogo zilikuwa na njia nyingi za kujihami, na zilizitumia kwa mpangilio uliofikiriwa. Vita viliziba njia hizo moja baada ya nyingine, na homa ilipofika mwishoni mwa 1918 ilizikuta kaya zimekwisha kutumia kila kitu isipokuwa nguvu za watu wake. Nguvu hizo ndizo homa ilizozishambulia, tena katika wiki zile ambazo hazikuwa na mbadala. Kwa hiyo kumezwa kwa homa ndani ya jina la njaa hakutokani na usahaulifu. Ni maelezo ya namna janga lilivyoonekana kutoka ndani ya boma.

Vyanzo vya kipindi hiki ni haba, na uhaba huo una sababu zake. Utawala wa Kijerumani uliondoka Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, na uliofuata ulikuwa wa kijeshi, ulioandika zaidi kuhusu mabehewa, risasi na idadi ya wapagazi kuliko kuhusu vijiji. Wamisionari wa CMS, waliokuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870 na baadaye Mvumi na Kongwa, walikuwa wamewekwa kizuizini na Wajerumani pamoja na baadhi ya walimu wao wa Kiafrika, hadi Tabora ilipotekwa na Wabelgiji Septemba 1916. Watu ambao kwa kawaida wangeandika barua kuhusu mvua na mavuno hawakuwapo. Kilichobaki ni masimulizi ya wenyeji yaliyokusanywa miaka mingi baadaye, kumbukumbu za maofisa waliofika baada ya tukio, na yale yanayoweza kueleweka kutokana na mpangilio wa kaya wenyewe kama ulivyoelezwa na wanaanthropolojia, hasa Peter Rigby, aliyefanya utafiti wake Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Chanzo hiki cha mwisho kina hatari yake, kwa kuwa kaya ya 1961 haikuwa kaya ya 1916. Kinatumika hapa kwa mambo ambayo yasingeweza kuzuka ghafla baina ya tarehe hizo: mgawanyo wa mashamba, utaratibu wa mifugo, na kazi za ushirika.

Kaya na akiba zake

Neno kaya, ambalo Kiswahili cha leo cha takwimu hulitumia kwa watu wanaokula chungu kimoja, katika Kigogo humaanisha boma zima: tembe, yaani nyumba ndefu za udongo zenye paa bapa, zikilizunguka zizi la ng'ombe. Ndani ya boma kila mke alikuwa na nyumba yake, shamba lake na kihenge chake. Mwenye boma alikuwa na neno la mwisho juu ya mifugo, lakini nafaka ya kila siku ilikuwa mikononi mwa mwanamke aliyeilima. Jambo hili lina uzito kwa yeyote anayeandika kuhusu namna kaya zilivyokabili shida. Kaya haikuwa na mfuko mmoja. Ilikuwa na mifuko kadhaa yenye wenyewe, na katika miezi ya dhiki suala la nani afungue wa kwake kwanza halikuwa dogo.

Ugogo hupata msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na kiasi chake, karibu milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, hakitabiriki. Wakulima walitegemea uwele na mtama, nafaka zinazovumilia jua. Mavuno yalifika kuanzia Mei, na miezi migumu ilikuwa Januari hadi Machi, kihenge kinapokaribia kuwa kitupu ilhali palizi inadai nguvu kuliko kazi nyingine yoyote ya mwaka. Hata mwaka mwema ulikuwa na njaa yake ndogo, na maisha yalipangwa kwa kuihesabu njaa hiyo.

Akiba zilikuwa za tabaka. La kwanza lilikuwa nafaka ya misimu iliyopita, kwa kuwa uwele uliokauka vizuri hukaa muda mrefu. Baada yake walifuata mbuzi na kondoo, waliokuwa kama fedha ndogondogo: mbuzi mmoja aliweza kubadilishwa kwa mzigo wa nafaka bila kuivuruga kaya. Ng'ombe walikuwa akiba kubwa, na mwenye nao wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa marafiki na wakwe wa mbali. Aliyepewa alikunywa maziwa na kutumia samadi, na mwenyewe alibaki na haki juu ya mnyama na uzao wake. Ukame au ugonjwa wa mifugo ukipiga bonde moja, ng'ombe waliokuwa bonde la pili walisalimika. Wakwe walikuwa akiba pia. Ndoa iliyofungwa kwa ng'ombe wa mahari iliunganisha maboma mawili kwa deni na heshima, na mtu mwenye njaa alikuwa na mlango wa kubisha hodi bila kuitwa ombaomba. Mwishoni kabisa lilikuwapo pori: ubuyu, mlenda wa mwituni, mizizi na matunda ambayo wanawake waliyajua kwa majina na kwa majira.

Haya hayakuwa maisha yaliyofungiwa nje ya soko. Katika karne ya 19 misafara kutoka pwani kwenda Unyamwezi na Ujiji ilipita Ugogo, ikalipa hongo kwa watemi na kununua maji na nafaka kwa wenyeji. Sotoka iliyowaua ng'ombe wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliwaumiza Wagogo vibaya, lakini kabla ya 1914 mazizi yalikuwa yamejaa tena kwa sehemu kubwa. Kaya zilizoingia katika vita hazikuwa kaya dhaifu.

Vita vilivyotangulia homa

Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Ilikuwa imeimaliza biashara ya misafara, na pamoja nayo soko la zamani la nafaka na maji. Kwa upande mwingine iliifanya Ugogo kuwa mahali ambapo jeshi lolote lingepita. Vita vilipoanza Agosti 1914, Wajerumani walizibiwa bahari na meli za Kiingereza, wakalazimika kulilisha jeshi lao kutoka ndani ya nchi. Nafaka na ng'ombe vilichukuliwa kwa amri, na wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo. Waingereza walipoingia hawakuubadili utaratibu huo. Vikosi vilivyoteremka kutoka Kondoa mwaka 1916 vilikuwa mbali na ghala zao na vilikuwa na njaa, navyo pia vikahitaji ng'ombe, nafaka na mabega ya watu. Upagazi huo umeacha alama hata kwenye ramani za miji: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimeitwa kwa jina la kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Makumi ya maelfu ya watu wa Afrika Mashariki walikufa katika kazi hiyo, wengi zaidi kwa maradhi na lishe mbaya kuliko kwa risasi.

Uporaji wa mara moja kaya ingeweza kuumudu. Kilichoivunja ni kwamba vita vilipiga kila mahali ambapo akiba ilikuwa imegawanywa. Irangi, ambako mtu wa kaskazini mwa Ugogo angeweza kwenda kutafuta nafaka, ilikaliwa na jeshi tangu Aprili 1916. Askari walikwama Kondoa kwa mvua kubwa, ugavi ukashindwa kuwafikia, wakaishi kwa chakula cha wenyeji. Kusini, majeshi yalikwenda na kurudi katika nchi ya Uhehe kuanzia 1916 hadi 1917. Mtu aliyewagawa ng'ombe wake sehemu tatu ili shida isimpate mara tatu, sasa alipatwa mara tatu. Hekima ya kugawa mifugo ilitegemea jambo moja ambalo hakuna mzee aliyekuwa na haja ya kulitaja kabla ya hapo: kwamba mabaya hayaji kila upande kwa wakati mmoja.

Kuondoka kwa wanaume kulikuwa na hesabu yake. Mpagazi aliyechukuliwa mwezi wa Oktoba hakukosekana mezani, alikosekana shambani. Katika nchi yenye wiki chache tu za kupanda, kaya iliyopoteza jembe moja kati ya matatu ilivuna pungufu hata mvua ilipokuwa ya kutosha. Na mshahara wa mpagazi, pale ulipolipwa, ulikuja kwa fedha wakati ambapo fedha zilikuwa zimepoteza maana. Noti za dharura zilizochapwa na Wajerumani wakati wa vita hazikuwa na dhamana chini ya watawala wapya. Aliyekuwa ameuza ng'ombe wake kwa karatasi alibaki na karatasi.

Kaya zilivyopanga dhiki

Namna kaya zilivyokabiliana na Mtunya kabla ya homa kufika inafuata mpangilio unaofahamika katika njaa nyingi, na mpangilio huo unaonyesha mambo ambayo watu walikuwa wakiyalinda. Hatua za mwanzo zilikuwa zile zinazoweza kutenguliwa. Milo ilipunguzwa, uji ukawa mwepesi, ubuyu na mlenda vikachukua nafasi ya ugali. Kisha waliuzwa mbuzi. Ng'ombe walishikiliwa kwa muda mrefu kuliko ambavyo mgeni angetarajia, kwa kuwa ng'ombe jike aliyeuzwa ni maziwa ya mwaka ujao, mahari ya kijana, na njia pekee ya kuirudia hali ya kawaida njaa ikiisha. Ofisa aliyepita na kumwona mtu mwenye mbavu zinazohesabika akichunga ng'ombe angeweza kuandika kwamba Mgogo anampenda ng'ombe kuliko nafsi yake. Hakuwa na macho ya kuona kwamba mtu huyo alikuwa akipima njaa ya leo dhidi ya miaka kumi ya ufukara.

Tatizo ni kwamba kila boma lilifikia hatua ile ile katika mwezi ule ule. Mbuzi walipopelekwa kuuzwa wote kwa pamoja thamani yao ilishuka, na nafaka iliyokuwa haba ilipanda. Mbuzi mmoja hakuleta tena mzigo, alileta vibaba. Hali hii, ambayo wachumi huieleza kwa michoro, kwa kaya ilikuwa na maana rahisi: kusubiri kuliwaumiza waliosubiri, na kuharakisha kuliwaumiza waliuzao mapema wakaishiwa mapema.

Baada ya mifugo walifuata watu. Kuwapeleka watoto kwa ndugu wenye chakula ilikuwa desturi ya kawaida, na mtoto aliyekwenda kwa mjomba alirudi mvua zikirudi. Lakini katika njaa kubwa za Afrika Mashariki mstari kati ya kulelewa na kuwekwa rehani ulikuwa mwembamba. Mtoto aliyepelekwa kwa ndugu alikuwa na ukoo nyuma yake. Aliyepelekwa kwa mtu baki kwa kubadilishana na nafaka alikuwa na deni juu ya kichwa chake. Wasichana ndio waliobeba sehemu kubwa ya mzigo huo, kwa kuwa ndoa ya haraka ilipunguza mdomo mmoja katika boma na kuleta chakula kwa waliobaki. Lugha ya ustahimilivu, iliyopendwa sana na waandishi wa miaka ya Uviko-19, hueleza hatua kama hizi kuwa mbinu za kaya. Maelezo hayo ni ya kweli kwa kadiri yanavyofika. Yanaacha kueleza kwamba ndani ya kaya ile ile kuna aliyeamua na kuna aliyetumika kuwa mbinu.

Na walikuwapo waliohama. Familia nzima zilielekea penye uvumi wa chakula: vituo vya reli, misheni, mashamba ya walowezi, maboma ya jamaa. Kuhama hakukuwa kukata tamaa. Tangu zamani njaa ya Ugogo ilishindwa kwa miguu. Aliyejua kutembea alijua kuishi. Ni jambo hili hasa lililogeuka kuwa hatari mwishoni mwa 1918.

Mwaka wa homa

Homa iliingia Afrika Mashariki kwa meli. Kufikia Septemba 1918 ilikuwa Mombasa, na kutoka hapo ilifuata njia zilizotengenezwa na vita: reli, kambi, na wapagazi waliokuwa wakirudishwa makwao. Wanajeshi wa Lettow-Vorbeck waliosalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918 walipelekwa Kigoma na kisha Tabora kwa treni, na homa iliwapata wakiwa njiani na kambini; waliopelekwa pwani baadaye walipita reli ile ile inayopita Dodoma. Ugogo, iliyokatwa katikati na reli hiyo, haikuwa na namna ya kukaa mbali.

Sifa moja ya homa hii imeelezwa na madaktari wa nchi nyingi. Mafua ya kawaida huua watoto wachanga na wazee. Haya yaliua kwa wingi watu wenye umri kati ya miaka 20 na 40. Njaa nayo ina wateule wake, yaani watoto wadogo na wazee, ambao hulegea kwanza. Kwa hiyo majanga haya mawili hayakupishana katika kaya, yalikamilishana. Njaa ilikuwa imechukua pande mbili za umri, na homa ikachukua katikati, mahali palipokaa nguvu ya kulima, kuchota maji na kubeba.

Jambo la pili ni majira. Wimbi kali la homa lilipita Afrika Mashariki katika miezi ya mwisho ya 1918, wakati mkulima wa Ugogo anasafisha shamba na kusubiri mvua ya kwanza. Mwaka huo mvua zenyewe zilikuwa mbaya katika sehemu kubwa ya ukanda huu. Uwele haumsubiri mgonjwa. Shamba lililochelewa wiki tatu hukutana na mwisho wa mvua kabla punje hazijajaa, na shamba lililopandwa lakini likakosa palizi huliwa na magugu. Mtu aliyeugua kwa siku kumi na kubaki dhaifu kwa mwezi mmoja, hata alipopona, alikuwa amepoteza mwaka. Hesabu ya vifo haimwoni mtu huyu. Alikuwa hai, na kihenge chake kilikuwa kitupu Juni 1919.

Katika miaka ya kawaida kaya yenye mgonjwa ilikuwa na dawa ya upungufu wa nguvu kazi. Mwenye shamba alipika pombe ya uwele au mtama, akaita majirani, na siku moja ya kazi ya pamoja ilimaliza kazi ya wiki mbili. Lakini pombe hutengenezwa kwa nafaka. Kaya isiyo na nafaka haikuweza kuita watu, na hata ambayo ingeweza kuita ingewaita majirani waliolala na homa. Njaa ilikuwa imechukua njia ya kuazima nguvu, na homa ikachukua nguvu zenyewe. Hakuna mahali ambapo uhusiano wa majanga haya mawili unaonekana wazi kuliko hapa, na inashangaza kwamba maandishi mengi kuhusu njaa za Tanzania ya kati hupita juu ya suala hili la pombe kwa haraka.

Mzigo wa mwanamke uliongezeka kwa namna ambayo vyanzo vya kiserikali haviigusi. Yeye ndiye aliyechota maji, na visima vya kiangazi vya Ugogo viko mbali. Yeye ndiye aliyeokota kuni, aliyekwenda porini kutafuta mizizi, aliyetwanga, aliyewauguza wengine. Boma ambalo mwanamke wake alilala lilikosa maji kwanza, kabla ya kukosa chakula. Katika ugonjwa wenye homa kali, kukosa maji kwa siku mbili kunatosha kumuua mtu ambaye angepona. Ni halali kudhani kwamba sehemu ya vifo vya mwaka huo havikusababishwa na ukali wa ugonjwa wenyewe, ila na kukosekana kwa mtu mmoja mwenye miguu ya kusimama.

Kisha kuna kuhama. Dawa kuu ya njaa ilikuwa kwenda penye watu na chakula. Homa ilikuwa penye watu. Waliokusanyika kwenye vituo vya reli walikusanyika mahali ambapo kila treni ilileta maambukizi mapya, na waliorudi kwenye maboma ya jamaa wakiwa na kibaba cha nafaka walirudi pia na ugonjwa. Kukaa nyumbani kulikuwa kufa njaa polepole. Kaya hazikuwa na chaguo jema kati ya hayo mawili, na hakuna ushahidi kwamba serikali ya kijeshi, yenye madaktari wachache na mabehewa yaliyotangulizwa kwa mahitaji ya jeshi, ingeweza kuwapa la tatu.

Hali ya kusini-magharibi mwa nchi inasaidia kuipima hoja hii. Milima ya Rungwe ina mvua nyingi, ndizi na udongo wenye rutuba, na haihesabiwi miongoni mwa nchi za njaa. Mwanaanthropolojia James Ellison, aliyefuatilia athari za homa ya 1918–1919 katika eneo hilo, aliiita sura yake kuhusu janga hilo kwa jina la njaa kali, kwa kuwa huko nako kumbukumbu za homa zimefungamana na njaa. Kama ukame peke yake ndio ungeeleza mambo, Ugogo ingekumbuka njaa na Rungwe ingekumbuka homa. Kufanana kwa kumbukumbu za nchi mbili zenye hali ya hewa tofauti kiasi hicho kunaelekeza kwenye sababu waliyoshiriki: vita vilivyokomba akiba, na ugonjwa ulioangusha wakulima.

Baada ya Mtunya

Hali ilipoanza kutengemaa mwaka 1920, kaya zilizobaki hazikurudi mahali zilipokuwa. Maboma yaliyofanikiwa kubaki na ng'ombe wachache majike yaliweza kujenga upya mazizi katika miaka michache, na wenyewe wakawa watu wa kukopwa na kuombwa. Maboma yaliyouza kila mnyama yalibaki na mikono tu, na mikono hiyo ikatafuta kazi ya fedha. Tofauti kati ya aliyekuwa na ng'ombe na asiyekuwa nao ilikuwapo kabla ya 1914, lakini ndugu na wakwe walikuwa wakiipunguza. Sasa wakwe wengi walikuwa wamekufa, au walikuwa wadaiwa wenyewe. Wajane walirithiwa kwa mujibu wa desturi pale palipokuwa na mtu wa kuwarithi. Yatima waligawanywa.

Serikali mpya ya Tanganyika ilirithi kodi ya kibanda iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1898 na ikaendelea kuidai. Kwa kaya isiyo na mifugo kodi hiyo ilikuwa na njia moja ya kulipika, yaani kibarua. Maddox ameonyesha kwamba kuanzia hapa uwezo wa Ugogo kujilisha yenyewe katika miaka mibaya ulipungua, na watu wakategemea zaidi kuuza ng'ombe na nguvu zao ili kununua chakula kutoka nje. Waliokuja kuitawala wilaya hiyo baadaye waliukuta utegemezi huo, wakauchukulia kuwa tabia ya nchi. Sifa ya Ugogo kuwa nchi ya njaa, ambayo Watanzania wengi wa leo huitaja kana kwamba iliandikwa na mvua, ina sehemu yake ya kuzaliwa katika miaka hii.

Lipo pia suala la mishahara ya waliokufa. Wapagazi wengi wa jeshi la Uingereza walikufa kabla ya kulipwa, na kumbukumbu zilizowaandikisha zilikuwa na majina yaliyokosewa, vijiji visivyojulikana, au hazikuwapo kabisa. Fedha hizo ziliitwa malipo yasiyodaiwa. Jina hilo lilidokeza kwamba hakuna aliyezitaka. Maofisa wa Afrika Mashariki walibishana na London kwa miaka mingi kuhusu nini kifanyike, na warithi kwa sehemu kubwa hawakuzipata. Mjane wa Ugogo mwaka 1919 hakuwa na barua ya kumwambia mumewe alifia wapi, wala ofisi ya kuiendea, na kituo cha karibu alichoweza kufika kwa miguu kilikuwa kile cha reli, ambacho katika wiki zile watu walikiogopa kwa sababu ya homa. Rupia chache alizostahili zingenunua mbegu ya uwele kwa shamba moja kabla ya mvua ya Desemba.